Dawa ya Mafuta ni Mafuta

Kopo la mafuta ya mgando likiachwa wazi mezani, mtoto wa miaka miwili atafanya kile anachomwona mama yake akikifanya kila asubuhi: atajipaka. Mama huchota kwa ncha ya kidole. Mtoto huchota kwa viganja vyote viwili, na safari yake haiishii mashavuni. Muda mfupi baadaye utosi unang'aa, nywele zimeshikana vibonge, kisogo kinateleza kama kambare, na mwenye kichwa anacheka. Hapo ndipo uani panapogeuka baraza. Kila anayepita ana dawa yake, na kila dawa ina shahidi aliyepona nayo. Mjadala huu unazikusanya sauti hizo kama zisikikavyo katika nyua za Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, nami nazijibu kila inapopanda. Msimamo wangu nautaja mapema ili asiwepo wa kusema nimemvizia: mafuta yaliyomo kichwani mwa mtoto ni nadra kumdhuru, kinachomdhuru ni vile tunavyovikimbilia ili kuyatoa. Na la pili, ambalo barazani halipendwi kusikika, ni kwamba katika shauri hili njia ya upole ndiyo hiyo hiyo yenye nguvu.

Bibi: Mnahangaika na nini? Leteni mafuta ya taa, kijiko kimoja tu, mpakeni, mpanguseni na kitambaa. Sisi chawa tuliwatoa hivyo, na lami, na rangi ya milango. Hakuna aliyekufa.

Shikamoo, Bibi. Nianze kwa kukiri, maana nusu ya kesi umekwisha kuishinda. Mafuta ya mgando hayayeyuki majini hata ukimkalisha mtoto kisimani kutwa. Ni mchanganyiko wa hidrokaboni, zao la mafuta ghafi yachimbwayo ardhini. Mmarekani Robert Chesebrough aliyapata kwa kuisafisha nta nyeusi iliyokuwa ikiganda kwenye mitambo ya visima vya mafuta huko Pennsylvania, akachukua hataza yake mwaka 1872 na kuyaita Vaseline. Mafuta ya taa ni ndugu yao wa tumbo moja: nayo yamechujwa kutoka katika mafuta ghafi, ila yenyewe ni mepesi na ya majimaji, wakati ya mgando ni mazito yaliyojaa nta. Kitu cha jamii ya mafuta huyeyuka ndani ya kitu cha jamii ya mafuta. Kwa maji huteleza tu kama tone juu ya jani la mgomba. Kwa hiyo anayemcheka Bibi na kukimbilia bombani ndiye aliyekosea. Bibi anajua kanuni ambayo wenye shampuu za bei hawaijui. Ubishi wangu naye ni juu ya ndugu yupi aitwe kuja kusaidia, maana katika ukoo huo wamo wapole na wamo wauaji.

Mafuta ya taa ni mepesi kiasi kwamba yakimpalia mtoto, hata funda moja, hutambaa kwa kasi juu ya utando wa mapafu na kuwasha homa ya mapafu ambayo haikuletwa na kidudu chochote. Ndiyo maana madaktari hukataza kumtapisha mtoto aliyeyanywa: yakipanda tena hupata nafasi ya pili ya kuingia njia ya hewa. Na mtoto hayanywi kwa sababu ni mkaidi. Huyanywa kwa kuwa yamo ndani ya chupa ya soda au ya maji iliyowekwa chini, ile ile iliyoshushwa kutoka darini kwa ajili ya kijiko kimoja cha kichwa. Hata yasiponywewa, kichwa kilichopakwa hushikwa na mikono, na mikono ya miaka miwili makazi yake ni mdomoni. Juu ya ngozi hukausha na kuwasha, na yakifungiwa chini ya kitambaa kwa saa kadhaa huichubua kama moto. Kisha kuna moto wenyewe. Ua ambao shauri hili linasikilizwa lina jiko la mkaa pembeni, na nywele zilizolowa mafuta ya taa hazihitaji kuguswa na kaa, cheche inatosha.

Bibi: Maneno mengi. Sisi tumelelewa hivyo na tupo.

Mpo, na Mungu awaweke. Ila ushahidi wa aliyepona una kasoro moja: asiyepona hayupo barazani kutoa wake. Ukitaka kuupima usalama wa mafuta ya taa usiwaulize wajukuu waliokua. Waulize wauguzi wa wodi ya watoto katika hospitali yoyote ya wilaya ni mara ngapi wamempokea mtoto anayenuka taa. Hoja ya Bibi tunaibeba, chupa yake tunairudisha darini. Kinachotafutwa ni mafuta yenye uwezo ule ule wa kulainisha mgando, lakini ambayo mtoto akiyalamba yatamwingia kama mchuzi. Nayo yako jikoni tayari: ya nazi, ya alizeti, ya mawese yaliyosafishwa, hata yale ya kukaangia maandazi kabla hayajatumika.

Mama: Hapo ndipo unaponipoteza. Kichwa kimelowa mafuta, wewe unaniambia niongeze mafuta? Si ndiyo kutwanga maji kwenye kinu huko?

Swali hilo ndilo kiini cha mjadala mzima, na jibu lake limo katika fenesi. Mpasuaji wa fenesi hatangulizi sabuni. Hupaka mafuta ya kupikia kwenye kisu na viganjani kabla hajagusa tunda, kwa kuwa anajua utomvu ukishamnata hausikii maji wala povu. Na aliyesahau kujipaka mapema hujipaka baadaye, akasugua, utomvu ukalainika na kutoka pamoja na mafuta hayo. Hakuna anayemwambia mpasuaji fenesi kwamba anaongeza unato juu ya unato. Kichwani ni hali ile ile. Mafuta ya mgando ni mazito. Yamekaa juu ya unywele kama tope la dongo. Mafuta ya nazi yaliyopashwa kidogo, ya uvuguvugu tu, hujichanganya nayo na kuyafanya mepesi, na kilichokuwa kibonge kikawa kitu kinachotiririka. Wingi wa mafuta umeongezeka, ni kweli, lakini uzito wa kutoka umepungua, na hilo la pili ndilo tulilokuwa tukilitafuta.

Sababu ya kutaka wepesi iko katika namna sabuni inavyofanya kazi. Chembe yake moja ina kichwa na mkia. Kichwa hupenda maji, mkia huyakimbia maji na kutafuta mafuta. Mikia hujichomeka katika tone la mafuta, vichwa vikabaki nje vimeelekea majini, na tone likazingirwa pande zote hadi likachukulika. Hivyo ndivyo sufuria la pilau linavyosafishika. Lakini mikia ile hupenya tone, haipenyi bonge. Penye mgando mzito sabuni huosha tabaka la juu na kuacha kilichobaki kama kilivyokuwa. Ndipo mama akaosha mara sita, maji yakaisha pipani, na kichwa bado kinang'aa. Mafuta mepesi hukata bonge kuwa matone, sabuni ikayakuta matone. Na utaratibu unafuata hapo wenyewe. Kwanza punguza kwa kitambaa kikavu au tishu, kwa kubonyeza na kuvuta kuelekea ncha za nywele, usisugue duara ukayasambaza. Kisha nyunyiza kidogo unga wa muhogo uliochekechwa, au wanga wa mahindi, ufyonze. Uache dakika kumi, uchane kwa chanuo pana hadi uishe. (Uishe kweli, maana unga uliobaki ukikutana na maji unakuwa uji, na uji kichwani ni kesi nyingine. Mtoto mchanga au mwenye pumu asipakwe unga wa aina yoyote, kwa sababu ya vumbi.) Kisha mafuta ya kupikia ya uvuguvugu, kijiko kimoja au viwili, yakandwe taratibu, yafutwe. Halafu linakuja lile ambalo karibu kila mtu hulikosea: sabuni hutangulia maji. Shampuu, au sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kiasi cha kijiko cha chai, hupakwa juu ya nywele kavu na kukandwa ikiwa nzito vile vile. Maji yakitangulia, mafuta yanasimama upande mmoja, maji upande wa pili, na sabuni inafika ikiwa imekwisha zimuliwa. Ikitangulia sabuni, inakutana na mafuta uso kwa uso. Ndipo maji ya uvuguvugu yaje kidogo kidogo, kichwa kimeinamishwa nyuma ili povu lisishukie machoni.

Kama fenesi halitoshi kuwa shahidi, wako wawili wengine. Wa kwanza ni ukoko wa utosini wa watoto wachanga, ule unaonata kama nta ya manjano. Wauguzi hawamwelekezi mama aukwangue wala aukoshe kwa nguvu. Humwelekeza aulainishe kwa mafuta, asubiri, apitishe brashi laini, kisha ndipo aoshe. Utaratibu ni ule ule: mafuta kwanza, sabuni baadaye. Shahidi wa pili anatoka Cape Town. Tarehe 23 Juni 2000 meli ya mizigo iitwayo Treasure ilizama karibu na pwani ya mji huo, mafuta yake mazito yakatapakaa baharini, na pengwini wapatao 19,000 wakaokotwa wakiwa wamelowa. Mafuta ya meli, meusi, yanayonata kuliko chochote kitakachowahi kumwagika sebuleni kwako, juu ya kiumbe mwenye manyoya yasiyovumilia kuchubuliwa. Hawakuoshwa kwa petroli. Walioshwa kwa mikono, mmoja mmoja, kwa sabuni ya maji na maji ya moto kiasi, na idadi kubwa sana wakarudishwa baharini wazima. Waokoaji wa ndege wanapokuta lami iliyoganda hutanguliza mafuta mepesi yatokanayo na mimea ili kuilainisha, kisha ndipo sabuni. Ikiwa dawa hiyo imemtosha pengwini aliyetoka katika mafuta ya meli, sioni kwa nini isimtoshe mtoto aliyetoka katika kopo la gramu mia mbili.

Jirani: Sabuni ya vyombo ni ya watu wenye muda. Mimi sabuni ya unga, nimalize mara moja. Inatoa grisi kwenye suruali ya fundi, itashindwa na kichwa?

Haitashindwa, na hilo ndilo linalotia hofu. Suruali ya fundi haina macho. Sabuni ya unga imetengenezwa iwe kali kwa upande wa alikali ili ivunje uchafu wa nguo; katika kipimo cha pH, kinachoanzia 0 hadi 14, hukaa karibu na 10 au 11. Ngozi ya kichwa hukaa karibu na 5.5. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi, kwa hiyo hatua tano ni mara laki moja. Sabuni ya mche, rafiki wa kila nyumba, nayo iko 9 hadi 10. Alikali huufanya unywele uvimbe na kuinua magamba yake madogo yaliyolala juu yake kama vigae. Magamba yakishainuka nywele hukwaruzana, hufungana mafundo, na kitana kinazikata badala ya kuzichana. Kwa nywele za singa hasara hiyo huweza kupita bila kuonekana. Kwa nywele za kipilipili ni msiba. Unywele wa kipilipili umejikunja mara nyingi, na kila kona ni mahali pa kukatikia. Tena mafuta ya asili yatokayo ngozini hayafiki nchani kwa urahisi kwa kuwa njia yenyewe ni ya kupindapinda. Ndizo nywele kavu kuliko zote, na ndizo tunazoziosha kwa ukali kuliko zote. Msusi yeyote atakwambia hivyo bila kutaja pH.

Kwa wakazi wa pwani liko na jambo la maji. Visima vingi vya Unguja, Mombasa na mwambao kwa jumla vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa. Sabuni ya mche katika maji hayo haitoi povu upesi. Huungana na chokaa ikawa utando mweupe unaonata, ule unaoonekana umezunguka beseni. Mama akimwosha mtoto hivyo, anatoa mafuta kidogo na kuacha ukoko wa sabuni juu ya yaliyobaki, kisha anadhani mafuta yamegoma. Shampuu na sabuni ya maji ya vyombo zimetengenezwa kwa namna isiyosumbuliwa sana na chokaa. Kwa hiyo uchaguzi wangu wa sabuni ya maji hautokani na kupenda mambo ya dukani. Kwenye maji ya kisima cha pwani, ile unayoiona dhaifu ndiyo inayofanya kazi.

Jirani: Basi tuache ya dukani. Majivu je? Magadi? Wazee walioga kwa maji ya majivu kabla sabuni haijaja.

Walioga, na hesabu yao ilikuwa sawa, kwa mafuta yao. Mafuta ya nazi, samli, nyonyo na ya mnyama yana kitu ambacho alikali hukishika na kukigeuza kuwa sabuni; hiyo ndiyo siri ya kila kiwanda cha sabuni, kuanzia sufuria la uani hadi mtambo mkubwa. Maji ya majivu juu ya mwili uliopakwa samli yalikuwa yakitengeneza sabuni kidogo pale pale ngozini. Mafuta ya mgando hayana kitu hicho. Ni hidrokaboni tupu, hayageuki sabuni kwa majivu, kwa magadi ya Ziwa Magadi wala ya Ziwa Natron, hata uyachemshe mpaka kesho. Utakachopata ni mafuta ya mgando yenye magadi ndani yake, na maji ya magadi ni makali ya kutosha kulidhuru jicho. Maarifa ya wazee yalilingana na vitu vya wazee. Kopo la plastiki lilikuja baadaye, nayo hayakulijua. Siki na ndimu sizijadili sana: ni asidi, mafuta hayazijali, na jicho la mtoto linazijali mno. Maji ya moto nayo huyayeyusha kweli mafuta ya mgando, lakini huyayeyusha yakashukia kwenye ngozi na nyuma ya masikio, kisha yakapoa na kuganda upya huko. Na maji ya nyuzi 60 hayahitaji zaidi ya sekunde chache kuiunguza ngozi ya mtoto. Uvuguvugu wa mwili, nyuzi 37 au 38, unatosha.

Kinyozi: Nawasikiliza tu. Mleteni hapa, dakika tano, kichwa kipya. Nywele huota.

Hii ndiyo hoja niliyoiogopa zaidi, kwa kuwa ina ukweli mwingi ndani yake. Nywele huota, karibu sentimita moja kwa mwezi. Mtoto wa kiume mwenye nywele za sentimita moja akinyolewa leo, mwezi ujao hakuna atakayekumbuka. Na katika shule nyingi za msingi nchini Tanzania wasichana kwa wavulana hutakiwa kuwa na nywele fupi, kwa hiyo kunyoa si aibu wala adhabu. Kwa mtoto kama huyo sina ugomvi na kinyozi, isipokuwa kwa mambo mawili. Ngozi iliyojaa mafuta huteleza, na wembe juu ya ngozi inayoteleza, chini yake kichwa cha mtoto asiyetulia, hauna dira. Mashine nayo hubanwa na nywele zilizoshikana na kuzing'oa. Kwa hiyo hata anayepelekwa kunyolewa ni lazima kwanza mafuta yapunguzwe, yaani kazi ile ile tunayoibishania. Na la pili ni wembe wenyewe: uliopita kichwani mwa mwingine bila kusafishwa huweza kubeba mapunye, homa ya ini aina ya B, na virusi vya ukimwi. Mafuta ya mgando hayana hata kimoja kati ya hivyo. Kwa msichana ambaye nywele zake zimefika sentimita 15 hesabu ni nyingine kabisa: ni zaidi ya mwaka wa kuota, uliotolewa sadaka kwa tatizo la kijiko cha mafuta na saa moja ya subira. Mtoto akililia wembe, wahenga walisema, mpe. Huyu hakuulilia.

Fundi: Mnazungumzia mafuta ya kujipaka. Mimi gereji yangu iko mlangoni pa nyumba, na wanangu wanacheza na oili chafu. Hapo sabuni yenu ya vyombo itafua dafu? Mimi huwafuta kwa petroli.

Hapa fundi amenisogeza, na nakubali kusogea. Oili iliyotoka kwenye injini haifanani na mafuta ya mgando ya dukani. Ya dukani yamesafishwa hadi yakawa kitu tulivu kisichowasha. Oili chafu imepikwa ndani ya injini, imebeba masizi, chembe za chuma na kemikali zinazojulikana kusababisha saratani kwa watu wanaoishi nazo ngozini miaka mingi. Kwayo haraka ni halali: itolewe siku ile ile, na nguo zilizolowa zivuliwe. Lakini haraka haibadilishi njia. Petroli ina benzini, nayo husababisha saratani ya damu. Mvuke wake huwaka kwa cheche iliyo mbali, na mtoto aliyefutwa petroli ameondolewa sumu kwa sumu nyingine iliyo nyepesi zaidi kuivuta. Fundi mwenyewe anayo nusu ya dawa bila kuihesabu: maranda ya mbao anayoyamwaga juu ya oili iliyotapakaa sakafuni yanafanya kile kile ninachokiomba kwa unga wa muhogo. Baada ya unga, mafuta ya kupikia mengi kuliko kawaida, yafutwe kwa vitambaa vya kutupwa mpaka kitambaa kitoke bila weusi, ndipo sabuni. Grisi nzito ya bearingi itahitaji kurudiwa mara mbili au tatu. Ikiwa imeingia jichoni, au mtoto ameimeza, mjadala wetu umekwisha na safari ya zahanati imeanza.

Mfamasia: Mnabishana bure nyote. Mafuta ya mgando safi hayana madhara juu ya ngozi. Mwacheni, yatatoka yenyewe.

Natamani sauti hii ingekuwa ya kwanza kusikika, kabla Bibi hajaitaja chupa. Ni kweli. Mafuta haya hupakwa watoto wenye ngozi kavu kwa ushauri wa madaktari, na katika nyumba nyingi mama huyapitisha kichwani mwa mtoto kila asubuhi ili afike shuleni aking'aa. Tunachokiita ajali ni kipimo tu kilichozidi. Tena hayaingii ndani ya unywele. Mwaka 2003 Aarti Rele na R. B. Mohile wa India walichapisha utafiti uliolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, hayo ya mwisho yakiwa jamaa wa mafuta ya mgando, na kuona kwamba ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini nywele zinapooshwa, kwa sababu hupenya ndani. Ya madini hubaki nje. Watafiti hao walikuwa waajiriwa wa kampuni inayouza mafuta ya nazi, na msomaji ana haki ya kukunja uso. Lakini walichokieleza kinaendana na umbo la mafuta yenyewe, na kinatupa faida mbili. Mafuta ya mgando yamekaa juu tu, kwa hiyo hakuna kilichozama cha kung'oa kwa nguvu. Na kijiko cha nazi kabla ya sabuni, mbali na kulainisha, kinaukinga unywele na sabuni inayofuata. Ninapoachana na mfamasia ni pale anaposema yaachwe kabisa. Kichwa kilichojaa mafuta katika joto la Dar es Salaam hukusanya vumbi na jasho, huziba vinyweleo, na mafuta hushuka hadi machoni na puani mtoto anapolala. Yaliyozidi yapunguzwe leo. Yatakayobaki kidogo yasubiri kesho kutwa, nywele zipumzike.

Mama: Sawa. Lakini umesema kitambaa, unga, mafuta, sabuni, maji, tena kwa kurudia. Saa hiyo naitoa wapi, na fedha nani ananipa?

Fedha ni ndogo: vijiko viwili vya mafuta ya kupikia, kiganja cha unga, kijiko cha chai cha sabuni ya vyombo. Maji ndiyo yatakayopungua matumizi, kwa kuwa anayeanza na maji ndiye anayemaliza pipa. Saa siwezi kuibisha. Itatoka mikononi mwa mama, kama saa nyingine zote za nyumba zinavyotoka mikononi mwake, na wanaume wengi waliochangia barazani leo, mwandishi akiwemo, wametoa maneno na kuondoka. Kukanda kichwa kwa mafuta ya nazi ni kazi ambayo baba anaiweza; haihitaji ufundi wa msusi. Na kitu kimoja kitampunguzia mama kazi kuliko vyote: kujua pa kuishia. Wengi huosha kupita kiasi kwa sababu nywele zilizolowa maji na nywele zenye mafuta hung'aa sawasawa, na jicho haliwezi kuzitofautisha. Chukua karatasi nyeupe ya daftari, ibane juu ya fungu la nywele baada ya kukaushwa kwa taulo, kisha iweke juani uani. Baada ya dakika chache doa la maji litakuwa limetoweka. La mafuta halikauki; litabaki, na ukiinua karatasi kuelekea mwanga litapitisha mwanga kama kijidirisha. Kijidirisha kikubwa, rudia sabuni. Kikiwa kama punje ya mtama, mfunge mtoto kanga kichwani na mwache akacheze.